Mtindi uliobaki usimwagwe: mwongozo kamili wa kuupikia nyumbani

Katika nyumba nyingi za Arusha na Moshi mtindi haununuliwi kwa kikombe. Unaletwa kwenye dumu la lita tatu au tano na mama wa maziwa, au shangazi anaushusha kutoka Marangu au Machame siku anapokuja mjini, au umesuka siagi mwenyewe na sasa umebaki na maziwa mepesi, machachu, yaliyoachwa na siagi. Siku mbili za kwanza kila mtu anakunywa. Baada ya hapo uchachu unazidi, watoto wanakunja uso, na dumu linaanza kusogezwa nyuma ya friji kupisha vitu vingine. Mwisho wake unamwagwa.

Ninaamini kabisa kwamba mtindi ukishakuwa mchachu mno kwa kunywa ndipo unapofaa zaidi kupikia. Unafanya kazi ya limao, ukwaju au nyanya chachu, tena una protini na mafuta kidogo ambayo limao halina. Kinachoamua kama chakula kitatoka kizuri au kitaharibika ni wakati gani unautia. Kwenye unga, utie mwanzoni. Kwenye nyama, kabla ya moto. Kwenye mahindi, maharage na mboga za majani, mwishoni. Mengi katika mwongozo huu yanatokana na hilo.

Vipimo vyangu ni hivi: kikombe ni mililita 250, kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko cha chakula ni mililita 15. Kama huna kikombe cha kupimia, chupa ya maji ya nusu lita inajaza vikombe viwili kamili.

Kwanza kagua ulichonacho

Mtindi unaobaki baada ya kusuka siagi ni mwepesi kwa sababu mafuta mengi yameondoka na siagi. Huo ndio bora kabisa kwa unga wa maandazi na keki, ila ndio unaokatika upesi ukipata moto. Mtindi wa mgando, wa nyumbani au wa pakiti, ni mzito na una mafuta zaidi. Unavumilia moto kidogo, na kwenye unga utahitaji kuongezewa maji au maziwa. Kwa kawaida vijiko vitatu vya chakula vya maji kwa kikombe vinatosha kuufanya umiminike vizuri. Yote miwili inafaa kwa kila pishi lililo hapa chini.

Ukiona maji ya kimanjano yamejitenga juu au chini, usishtuke. Hayo ni maji ya maziwa yenyewe. Tikisa au pekecha, yatarudi. Kinachotakiwa kukuzuia ni ukungu wa rangi yoyote, michirizi ya waridi au ya machungwa, harufu ya kuoza badala ya harufu ya uchachu, ladha ya uchungu, au pakiti iliyovimba. Hapo mwaga wote. Kuondoa ukungu wa juu na kutumia wa chini si salama, maana kinachoonekana juu si ukungu wote.

Swali la pili ni kubwa kuliko la kwanza: je, maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Mtindi wa maziwa mabichi unaweza kubeba vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu peke yake hauvimalizi kwa uhakika. Brusela ipo katika mikoa yetu ya kaskazini, na mtu akiipata huweza kuteseka kwa homa zinazokwenda na kurudi kwa majuma mengi. Kwa hiyo kama hujui, au unajua kwamba hayakuchemshwa, mtindi huo uende tu kwenye vyakula vinavyoiva motoni mpaka ndani: maandazi, keki, mchuzi uliochemka, nyama iliyoiva. Usiutie kwenye uji au mboga baada ya kuepua, wala kwenye kachumbari. Nitakumbusha kila inapohitajika.

Kuutunza mpaka utakapouhitaji

Usiuache kwenye sufuria ya aluminiamu. Asidi ya mtindi inakula chuma hicho taratibu, mtindi unapata ladha ya chuma na sufuria inabaki na madoa ya kijivu. Kuupika humo kwa muda mfupi hakuna shida. Kuulaza humo ndiyo shida. Tumia chupa ya kioo, ndoo ya plastiki safi yenye mfuniko, au sufuria ya chuma kisichopata kutu.

Kwenye friji, mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa unakaa wiki moja hadi mbili baada ya kufunguliwa, ukizidi kuchachuka siku hadi siku. Uweke ndani, siyo mlangoni, kwa sababu mlango ndio sehemu yenye joto zaidi. Bila friji, panga kuumaliza ndani ya siku moja au mbili, hasa Moshi mjini kwenye joto la Januari na Februari. Miezi ya Juni na Julai baridi inakupa nafasi zaidi kidogo.

Kama hutaupikia wiki hii, ugandishe. Upime kikombe kimoja kimoja kwenye vifuko vya plastiki, toa hewa, funga, laza vifuko bapa ili vishike baridi upesi. Unakaa miezi mitatu bila tatizo. Ukiyeyuka utaonekana umeharibika, maji huku na madonge kule. Upekeche kwa upekecho au uma, kisha uupikie. Kwa kunywa haupendezi tena, lakini kwenye maandazi hutagundua tofauti.

Unga: maandazi, chapati za maji, keki

Hapa ndipo ningeanzia kama una vikombe viwili vilivyobaki na hujui pa kuvipeleka. Asidi ya mtindi ikikutana na bekingi soda, hewa ya kaboni inatoka palepale na kuuinua unga. Huhitaji hamira wala kusubiri uumuke. Tena asidi inaulainisha unga, kwa hiyo andazi linakuwa laini hata kesho yake.

Kumbuka kipimo kimoja: nusu kijiko cha chai cha bekingi soda kwa kikombe kimoja cha mtindi. Ukizidisha, soda inayokosa asidi ya kuungana nayo inabaki kwenye chakula, na utaisikia kama ladha ya sabuni. Tena maandazi yanakuwa meusi nje kabla ya kuiva ndani. Magadi hayafai kuchukua nafasi ya soda hapa. Yana nguvu tofauti na chumvi nyingine ndani yake, na kiasi chake hakipimiki kwa uhakika.

Kwa maandazi ya familia ya watu watano au sita chukua unga wa ngano nusu kilo, sukari nusu kikombe, chumvi robo kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa, bekingi soda nusu kijiko cha chai na bekingi pauda kijiko kimoja cha chai. Changanya vikavu vyote kwanza mpaka soda isambae. Donge la soda likibaki mahali pamoja, anayeling'ata atajua. Tia mafuta vijiko vitatu vya chakula, yasugue kwenye unga kwa vidole. Kisha mimina mtindi kikombe kimoja na kijiko kimoja au viwili zaidi, polepole, ukikusanya unga.

Usikande sana. Kinyume na chapati, hapa unakusanya tu mpaka unga ushikane, dakika mbili zinatosha. Ufunike kwa kitambaa kibichi dakika 20, sukuma unene wa sentimeta moja, kata, kaanga kwenye mafuta ya moto wa wastani. Kipimo cha moto: tupia kipande kidogo cha unga, kizame, kisha kiibuke juu baada ya kuhesabu hadi tatu au nne. Kikiibuka papo hapo mafuta yamezidi moto, na mtindi una sukari ya maziwa inayofanya andazi libabuke haraka kuliko la maji. Usilaze unga huu usiku kucha ukitegemea asubuhi. Nguvu ya soda inaanza kazi mara unapoloa na inapungua kila saa.

Chapati za maji ni rahisi zaidi. Vikombe viwili vya unga, mayai mawili, chumvi, sukari vijiko viwili vya chakula, nusu kijiko cha chai cha soda, mtindi kikombe kimoja na nusu, kisha maji kidogo kidogo mpaka upate uji unaomiminika kutoka kwenye upawa bila kukatika. Uache dakika kumi. Zitakuwa nene kidogo na zenye vitundu, tofauti na zile nyembamba za maji matupu. Mtu anayewahi kazini saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuzitengeneza bila kuamka usiku.

Keki inastahili maneno zaidi kwa sababu ya mahali tunapoishi. Arusha mjini ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na hewa iliyo ndani ya keki inatanuka zaidi. Keki inapanda kwa kasi, kuta zake bado hazijashika, kisha inadidimia katikati. Watu wengi wanalaumu jiko au mayai. Mapishi mengi ya vitabuni na mitandaoni yameandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo ukiwa Arusha punguza bekingi pauda kwa robo ya kipimo, punguza sukari kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe cha sukari, na ongeza mtindi vijiko viwili vya chakula maana maji yanakauka upesi. Moshi mjini jaribu kwanza bila kubadili kitu. Walio juu mlimani, Kibosho au Marangu, wafuate kipimo cha Arusha.

Keki yangu ya mtindi kwa Arusha ni hii: unga vikombe viwili, sukari robo tatu ya kikombe, mayai mawili, mafuta ya kupikia nusu kikombe, mtindi kikombe kimoja na vijiko viwili vya chakula, bekingi soda nusu kijiko cha chai, bekingi pauda robo tatu ya kijiko cha chai, chumvi kidogo, maganda ya limao yaliyokwanguliwa. Piga mayai na sukari mpaka vipauke, tia mafuta, kisha unga na mtindi kwa zamu. Soda ikishalowa usiendelee kupigapiga. Mimina kwenye chombo na uweke jikoni mara moja. Kwa wanaotumia sufuria na mkaa, moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, na usifunue kabla ya dakika 30.

Kwenye mchuzi: kuzuia usikatike

Sababu ya mtindi kukatika ni hii: protini yake tayari imeguswa na asidi, joto likizidi inajikunja na kushikana madonge, maji yanajitenga. Si sumu, unaweza kula, ila mchuzi unaonekana vibaya na ulimi unasikia chembechembe. Wanga unazuia hilo kwa kukaa katikati ya protini zisikutane. Kijiko kimoja cha chakula cha unga kwa kikombe cha mtindi kinatosha: unga wa ngano, wa mahindi uliochekechwa vizuri, au wa dengu ambao ndio ninaoupenda kuliko yote.

Hatua ni tatu na hazibadiliki. Pekecha unga na mtindi ukiwa baridi mpaka donge lisibaki. Chota upawa wa mchuzi wa moto, umimine kwenye mtindi huku ukikoroga, kisha rudia upawa wa pili, ili mtindi uzoee joto. Mwishowe mimina wote kwenye sufuria, moto mdogo, ukikoroga kuelekea upande mmoja mpaka uchemke taratibu. Ukishachemka na wanga kuiva, mchuzi umetulia. Hapo hata ukiendelea kuchemka dakika kumi hautakatika kirahisi.

Kwa njia hii unaweza kumalizia mchuzi wa viazi, wa nyama ya kusaga, wa samaki sato, wa mayai ya kuchemsha. Punguza nyanya kwa nusu, maana uchachu sasa unatoka kwenye mtindi.

Lakini chakula kinachotumia mtindi mwingi zaidi kwa mara moja, na ambacho kila nyumba ingepaswa kukijua, ni kadhi, yaani mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Wahindi wenye asili ya Gujarat, ambao familia zao zimeishi na kufanya biashara Arusha na Moshi kwa vizazi, wanaipika majumbani mwao, na kwao mtindi mchachu wa siku kadhaa ndio unaotakiwa. Unahitaji:

1. Mtindi vikombe viwili, maji vikombe viwili, unga wa dengu vijiko vitatu vya chakula. Pekecha pamoja ukiwa baridi mpaka povu litokee.
2. Tia tangawizi na pilipili mbichi zilizotwangwa, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari au sukari guru kijiko kimoja cha chakula. Sukari hii usiiache. Bila hiyo uchachu unakuwa mkali bila utamu wa kuusawazisha. Manjano ni hiari yako.
3. Weka kwenye moto wa wastani na usiondoke. Koroga bila kupumzika mpaka ichemke, kama dakika nane hadi kumi. Kisha punguza moto, iache itokote dakika 15 mpaka ladha ya unga mbichi iishe.
4. Kwenye kikaango kidogo pasha samli kijiko kimoja cha chakula. Tia mbegu za haradali nusu kijiko cha chai; zikianza kuruka tia bizari nyembamba, karafuu mbili, kipande cha mdalasini, na majani ya mchuzi kama unayo. Zikinukia mwagia kwenye kadhi na funika papo hapo.

Inaliwa na wali mweupe au wali wa choroko. Iko nyepesi, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukitaka nzito ongeza unga wa dengu, siyo muda. Unga wa dengu unapatikana kwenye maduka mengi ya nafaka na viungo mjini.

Mahindi, maharage na ndizi

Waarusha na Wameru wana loshoro: mahindi yaliyokobolewa na ndizi, vimepikwa vikapondwa, kisha vikachanganywa na maziwa ya mgando. Kila nyumba ina namna yake, wengine ndizi nyingi, wengine mahindi matupu. Ni chakula kinachojua matumizi ya mtindi kuliko kitabu chochote cha mapishi, kwa sababu kinautia mahali sahihi: mwishoni.

Ganda la maharage na la mahindi linalainika kwa maji ya moto, lakini asidi inalizuia lisilainike. Ukitia mtindi, nyanya au limao mapema kwenye makande, unaweza kuchochea mkaa mchana kutwa na bado yakabaki magumu. Arusha tatizo linaongezeka, kwa sababu maji yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, na Moshi kwenye 97, badala ya 100 za pwani. Jiko lako tayari liko nyuma kwa joto. Usiliongezee mzigo wa asidi.

Magadi yanafanya kinyume, yanaharakisha kulainika, na ndiyo maana mama zetu wanatia chembe kwenye sufuria ya mahindi. Ila magadi na mtindi vinauana: ukitia magadi mengi mwanzoni, mtindi unaotia mwishoni unapoteza uchachu wote na chakula kinabaki na ladha ya chumvichumvi iliyolala. Chembe ndogo, au kuloweka usiku kucha bila magadi. Mimi nachagua kuloweka.

Loshoro ya watu sita nyumbani: loweka vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa usiku kucha, yachemshe bila chumvi mpaka yapasuke, saa mbili au zaidi kwa mkaa, chini ya saa moja kwa sufuria ya presha. Menya ndizi mbichi nane, aina ya mshare ukizipata, zikate na uzitie juu ya mahindi na maji ya kuzifikia nusu. Zikiiva ponda kwa mwiko mpaka vishikane lakini punje za mahindi zionekane. Tia chumvi. Sasa epua, acha mvuke upungue kwa dakika tano, ndipo umimine mtindi vikombe viwili hadi vitatu huku ukisonga. Hutaurudisha motoni. Kwa kuwa mtindi hauchemki hapa, hakikisha ni wa maziwa yaliyochemshwa.

Kama ulionao ni wa maziwa mabichi, badili mpango: changanya na kijiko kimoja cha unga kwa kila kikombe, uchemshe pembeni kama mchuzi wa hapo juu, kisha umimine. Ladha inapungua ubichi wake, usalama unaongezeka.

Makande yafuate kanuni hiyohiyo. Yakiiva na kukaangiwa vitunguu na karoti, nusu kikombe cha mtindi mwishoni kinachukua nafasi ya nazi kwa siku ambazo nazi haipo. Halikadhalika ndizi za kuponda na viazi vya kuponda.

Mboga za majani

Mnafu una uchungu wake, na wapishi wa Kilimanjaro wanaujibu kwa maziwa. Mtindi unaujibu vizuri zaidi. Chemsha mnafu kwa maji mengi dakika kumi, mwaga maji, kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, rudisha mnafu, tia chumvi, kisha nusu kikombe cha mtindi uliopekechwa na kijiko cha chai cha unga. Uchemke mara moja, epua. Ukiutia mapema rangi ya kijani inageuka kuwa ya kahawia iliyofifia, maana asidi na joto kwa pamoja vinaharibu kijani cha majani. Majani ya kunde na ya maboga yanapikwa vivyo hivyo. Mchicha hauhitaji, una ladha laini inayomezwa na uchachu.

Nyama na kuku

Asidi ya mtindi ni ya upole. Limao likilala na kuku usiku kucha linamfanya awe kama amepikwa nusu, mkavu kwa nje. Mtindi hauna ukali huo. Hata hivyo usitegemee miujiza: asidi inafika milimita chache tu ndani ya nyama. Kinachopenya zaidi ni chumvi, kwa hiyo mtindi bila chumvi ni nusu ya kazi.

Kwa kuku mzima aliyekatwa vipande: kikombe kimoja cha mtindi, chumvi vijiko viwili vya chai, vitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga, bizari. Sugua, funika, weka kwenye friji kwenye bakuli lisilo la aluminiamu. Kuku wa kisasa saa nne hadi sita, wa kienyeji usiku kucha. Ukichoma, futa mtindi uliobaki juu kabla ya kuweka kwenye makaa, la sivyo unaungua na kuwa mweusi nyama ikiwa bado mbichi. Ukitaka mchuzi, usifute. Kaanga kitunguu, weka vipande pamoja na mtindi wake, funika, moto mdogo. Utakatika mwanzoni, lakini maji yakikauka unashika nyama na kuwa rojo. Jogoo mzee wa kienyeji atahitaji kuchemshwa hata baada ya kulowekwa, hakuna mtindi unaomwondolea hilo. Mtindi uliolala na nyama mbichi usiutumie kama kachumbari wala kuupaka nyama iliyokwisha kuiva. Uchemshe au umwage.

Uji

Pika uji wa ulezi uwe mzito kuliko kawaida, uuache uchemke dakika 15, epua, kisha punguza uzito wake kwa mtindi uliochapwa, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya uji. Asubuhi za baridi za Ngaramtoni huu unashinda chai. Hapa pia tumia tu mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, hasa kwa watoto wadogo.

Ukiwa na mtindi na maziwa mengi kwa mara moja: jibini

Mtindi na maziwa vimebaki, friji imejaa, umeme unakatika. Chemsha lita moja ya maziwa mabichi ukikoroga yasishike chini. Yakianza kupanda, punguza moto na umimine kikombe kimoja cha mtindi mchachu kabisa, polepole, ukikoroga kwa upole. Ndani ya dakika moja madonge meupe yatajitenga na maji ya kimanjano. Yasipojitenga vizuri, ongeza robo kikombe kingine na usubiri. Maji yakishakuwa wazi zima moto, usiendelee kuchemsha, madonge yatakuwa magumu.

Tandika kitambaa safi cha pamba kwenye chujio, mimina, suuza kwa maji baridi yaliyochemshwa, funga kitambaa na ukining'inize nusu saa. Ukitaka kipande cha kukatika, kiweke kati ya sahani mbili na ukandamize kwa sufuria iliyojaa maji kwa saa moja. Katakata, kaanga mpaka kiwe cha dhahabu, tia kwenye mchuzi wa nyanya au mchicha. Jibini hii haiyeyuki motoni, kwa hiyo inashika umbo lake kwenye mchuzi. Inakaa kwenye friji siku tatu, ikizamishwa kwenye maji safi yanayobadilishwa kila siku.

Maji yaliyochujika ni zaidi ya nusu lita. Yakandie unga wa chapati badala ya maji, au yatie kwenye supu ya viazi, au ukandie mkate wa hamira. Yana uchachu kidogo, chumvi ya chapati ipunguze kidogo, na yatumike siku hiyohiyo au kesho yake.